Geuza Ndani Nje: Namna ya Kununua, Kuvaa na Kutunza Gauni la Kokteli la Zamani

Yapo magauni ya kokteli yaliyoshonwa mwaka 1955 ambayo mwanamke akiyavaa leo jioni, hakuna atakayejua kama yametoka kwenye sanduku la bibi yake au kwa fundi wiki iliyopita. Wengi husema siri yake ni mtindo. Mtindo una sehemu yake. Lakini nimeyashika magauni haya kwa miaka, nimeyafumua na kuyashona upya, na ninaamini uzuri wake unaodumu umejificha ndani: kwenye bitana, kwenye utepe wa kiuno, kwenye pindo lililoshikwa kwa mkono hata uzi wake hauonekani upande wa nje. Ndiyo maana katika mwongozo huu utaniona nikikuambia mara kwa mara uligeuze gauni ndani nje kabla ya kuamua lolote.

Gauni la kokteli ni vazi la saa za mwanzo wa jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku hivi, watu wanaposimama na glasi mkononi kabla ya chakula. Halifiki chini kama gauni refu la usiku, wala si jepesi kama gauni la mchana. Pindo lake huishia magotini au katikati ya muundi. Lilianza kupata umbo lake katika miaka ya 1920. Oktoba 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni fupi jeusi la mbunifu Coco Chanel na kulifananisha na gari la Ford, yaani kitu kitakachowafaa wanawake wengi bila kujali ni nani. Kisha tarehe 12 Februari 1947, katika jumba namba 30 la avenue Montaigne, Paris, mbunifu Christian Dior alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza: mabega laini, kiuno kilichobanwa, sketi pana zilizokula kitambaa bila huruma, wakati Uingereza watu walikuwa bado wakinunua nguo kwa kuponi. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar, ndiye aliyeupa mwonekano huo jina la "New Look", yaani mwonekano mpya, na jina likashika. Miaka kumi baadaye, 1957, Cristóbal Balenciaga alikwenda kinyume kabisa na kutoa gauni lililoning'inia kama gunia, lisilogusa kiuno. Mwaka 1965 Yves Saint Laurent akaja na magauni yaliyonyooka yenye miraba ya rangi, akifuata michoro ya msanii Piet Mondrian.

Hilo la mwisho ndilo mfano ninaoupenda zaidi. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni ubao bapa uliopakwa rangi. Kumbe kila mraba ni kipande cha jezi ya sufu, kitambaa laini cha kufuma, kilichokatwa peke yake na kuunganishwa, na ndani ya mistari hiyo myeusi imefichwa mikunjo yote inayolifanya gauni likubali kifua na nyonga za mwanamke. Anayeliona anaona rangi tu. Anayelivaa ndiye anayejua kazi iliyofanyika.

Wauzaji wengi huita vazi la zamani lile lililopita miaka 20 na kuendelea. Likipita 100 huingia kundi la vitu vya kale, na hayo ni ya makumbusho zaidi kuliko ya kuvaa.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza

Usiangalie gauni hata moja kabla hujajua vipimo vyako kwa sentimita. Namba ya saizi iliyoandikwa kwenye lebo ya zamani isahau. Saizi 12 ya Marekani ya miaka ya 1950 inakaribia 6 au 8 ya sasa, na kila nyumba ya mitindo ilikuwa na hesabu zake.

Pima ukiwa umevaa sidiria utakayoivaa na gauni. Chukua kifua, kiuno pale kinapokunjika ukiinama pembeni, na nyonga mahali palipo papana zaidi. Halafu chukua vipimo viwili ambavyo watu huvisahau. Cha kwanza ni upana wa mgongo, kutoka mkunjo wa kwapa moja hadi la pili. Cha pili ni urefu kutoka mfupa wa chini ya shingo hadi kiunoni. Magauni mengi ya zamani huchanika mgongoni, nyuma ya kwapa, kwa sababu mvaaji alijipima kifua akaridhika, kisha akanyoosha mkono kumsalimia mtu. Na kiuno cha gauni la 1955 mara nyingi kiko juu kuliko ulivyozoea. Kikiwa si mahali pake, gauni zima litakaa vibaya hata kama upana unakutosha.

Sasa pima gauni. Lifunge zipu, lilaze mezani, lisawazishe bila kulivuta. Pima kutoka chini ya kwapa hadi kwapa, kisha zidisha kwa 2: ikiwa ni sentimita 46, kifua cha gauni ni 92. Fanya vivyo hivyo kiunoni na kwenye nyonga. Gauni lizidi mwili wako kwa sentimita 4 au 5 kifuani, 2 au 3 kiunoni, na 5 kwenye nyonga kama sketi ni nyembamba. Likiwa sawasawa na mwili wako bila nafasi yoyote, ujue ni dogo. Kitambaa cha zamani hakina lastiki ya kukusamehe.

Hatua ya 2: Ligeuze ndani nje

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mwombe muuzaji ruhusa, tandika shuka safi, nawa mikono, vua pete na saa, kisha geuza gauni taratibu ukianzia kwenye pindo.

Tazama kingo za mishono. Fundi wa nyumba kubwa ya mitindo aliacha kitambaa cha ziada, sentimita 2 hadi 4 kila upande, kwa sababu alijua mteja atanenepa au atakonda na gauni litarudi. Kitambaa hicho cha akiba ni ahadi: ukiona kimekatwa chembamba, ama gauni lilishonwa kwa wingi kiwandani, ama mtu ameshalipunguza. Tazama pia kingo zimezuiwaje zisifumuke. Katika kazi ya juu kabisa zimepitishwa sindano kwa mkono, mshono baada ya mshono, au zimefunikwa kwa utepe wa hariri. Ovaloki peke yake haithibitishi kwamba gauni ni jipya, kwani mashine hiyo imekuwepo kwa muda mrefu, lakini ukiikuta ndani ya gauni linalodaiwa kutoka chumba cha haute couture, yaani ushonaji wa juu kabisa wa Paris, uliza maswali.

Kisha tafuta utepe wa kiuno. Ni utepe mgumu wenye mistari, upana wa sentimita 2 au 3, ulioshikizwa kwenye mishono michache tu ya kiuno na kufungwa kwa kulabu mbili au tatu nyuma. Hakuna kitu kinachonifurahisha zaidi ndani ya gauni. Sketi yenye mita nyingi za tafeta, kitambaa kigumu kinachong'aa, ni nzito. Bila utepe huo, uzito wote ungening'inia mabegani, na kama gauni halina mabega lingeshuka lenyewe. Utepe unapofungwa kiunoni unaubeba uzito huo, sehemu ya kifua inabaki nyepesi, na zipu haivutwi na chochote. Ndiyo maana mwanamke wa 1955 aliweza kusimama saa mbili bila kulipandisha gauni lake hata mara moja. Kumbuka utaratibu: utepe hufungwa kwanza, zipu baadaye. Ukianza na zipu utaichana.

Vitu vingine vinavyopaswa kukuchekesha kwa furaha ukivikuta: vijiti vyembamba vya kusimamisha kifua vilivyovikwa utepe, vitanzi vidogo mabegani vyenye kifungo cha kubonyeza, vya kushika kamba za sidiria zisichungulie, vizito vya madini ya risasi vilivyoshonewa ndani ya pindo ili sketi isirushwe na upepo, vifungo vya kubonyeza vilivyofunikwa kwa hariri ya rangi ileile. Mgeni wa sherehe havioni hata kimoja.

Ukishatazama ndani utaweza kuliweka gauni katika daraja lake. La kwanza ni haute couture, lililoshonwa kwa vipimo vya mteja mmoja. Jina hilo linalindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1945 na si kila mshonaji anaruhusiwa kulitumia. La pili ni magauni ya dukani ya wabunifu walewale, kwa mfano Saint Laurent Rive Gauche, duka lililofunguliwa Paris mwaka 1966. Lebo yenye maneno hayo haiwezi kuwa ya miaka ya 1950. La tatu ni nakala za halali: maduka makubwa ya Marekani yalinunua mifano Paris pamoja na haki ya kuinakili mshono kwa mshono. Usizidharau. Nyingi zimeshonwa vizuri sana, na kwa mtu anayetaka kuvaa badala ya kuweka, nakala nzuri yenye afya inashinda gauni la haute couture linalooza makwapani.

Hatua ya 3: Tafuta umri wake

Kanuni ninayoifuata ni moja: gauni lina umri wa kitu kichanga kuliko vyote kilichoshonwa ndani yake tangu mwanzo. Vitu vingine vyote vinaweza kuwa vya zamani zaidi, lakini hicho kimoja hakidanganyi.

Anza na zipu. Ya chuma ni dalili ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Ya nailoni ilienea katika miaka hiyo na kuendelea. Iliyo pembeni, chini ya kwapa la kushoto, ni ya kawaida kwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, kisha zipu ikahamia mgongoni. Lakini zipu hubadilishwa. Angalia matundu ya sindano kandokando yake: ukiona safu mbili za matundu, au uzi wa rangi tofauti na mishono mingine, zipu hiyo si ya kwanza na usiitegemee.

Kama gauni ni la Marekani, tafuta lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za kike, ILGWU, mara nyingi kwenye mshono wa pembeni. Yenye herufi AFL-CIO haiwezi kutangulia mwisho wa 1955, mwaka AFL na CIO, mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi, yalipoungana. Yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu ni ya 1974 hadi 1995. Sheria ya Marekani ya kutaja aina ya nyuzi za kitambaa ilianza kutumika Machi 1960, na ile ya kutaja namna ya kufua ilianza 1972. Kwa hiyo gauni la kiwandani lenye lebo ya maelekezo ya kufua, hata kama lina sketi pana na kiuno chembamba, halikushonwa wakati wa Dior mwenyewe, aliyefariki Oktoba 1957.

Lebo ya mbunifu iache mwisho. Lebo za Dior za miaka ya 1950 huonyesha msimu na mwaka, na magauni yaliyoshonwa kwa mteja huwa na namba kwenye kipande cha utepe. Ni ushahidi mzuri, ikiwa lebo imezaliwa na gauni. Miaka ya mwanzo nilinunua gauni jeusi la krepu, kitambaa chenye vikunyanzi vidogo, kwa sababu ya jina lililokuwa shingoni. Nilipofika nyumbani nikageuza, nikaona lebo imeshikwa kwa uzi wa poliesta unaong'aa, mishono minne mikubwa, wakati gauni zima lilishonwa kwa uzi wa hariri. Chini ya lebo kitambaa kilikuwa kimefifia sawa na pengine pote. Kama lebo ingekaa pale miaka 60, chini yake pangebaki rangi nzito ya mwanzo. Nililia kidogo. Tangu siku hiyo jina nalisoma baada ya mshono.

Hatua ya 4: Kijue kitambaa

Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye akiba ya mshono, ushike kwa kibano juu ya sahani, uuchome. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba na reyoni hunuka karatasi. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu. Bitana nyingi za miaka ya 1950 ni za asetati, nyuzi za kutengenezwa zinazofanana na hariri, na hiyo ina adui wa ajabu: asetoni, dawa ya kuondoa rangi ya kucha, huiyeyusha palepale. Usiondoe rangi ya kucha ukiwa umelivaa, wala karibu nalo.

Kuna vitambaa vinavyolibeba gauni vyenyewe. Tafeta husimama na kunong'ona unapotembea. Gazari, hariri ngumu aliyoitengenezesha Balenciaga mwaka 1958 pamoja na kampuni ya Abraham ya Zürich, hushika umbo kama karatasi nene. Krepu humwagika. Mahameli hunywa mwanga. Ukijua kitambaa chako utajua kipi kinaweza kupigwa mvuke na kipi hakigusiki.

Hatua ya 5: Tafuta majeraha kabla ya kulipa

Linyanyue gauni mbele ya dirisha, mwanga upite. Matundu ya nondo, mishono iliyoachia, na sehemu zilizosagika zitaonekana kama nyota. Kisha nenda makwapani. Jasho hula hariri taratibu kwa miaka hata gauni likiwa kabatini. Likiacha doa jepesi la manjano unaweza kuishi nalo. Likifanya kitambaa kikavu na kigumu kama ganda la kitunguu, acha.

Jaribio la mwisho ni hili: shika kitambaa kwenye akiba ya mshono kwa vidole gumba viwili, ukivute kidogo sana. Kitambaa hai kitakaza na kurudi. Kilichokufa kitapasuka kwa sauti kavu. Hariri inayopasuka yenyewe kwa mistari mirefu haiponi, hakuna fundi wa kuirudisha, na usimwamini anayekuambia itashonwa.

Vinavyotengenezeka ni hivi: pindo lililoanguka, kulabu zilizopotea, mshono uliofumuka, shanga zilizolegea, zipu iliyokwama. Hivyo visikutishe, na vitumie kupunguza bei.

Ukinunua kwa picha, omba picha za ndani. Omba kwapa zote mbili, utepe wa kiuno, zipu ikiwa wazi, lebo pamoja na uzi unaoishika, na pindo likiwa limegeuzwa. Muuzaji anayelijua gauni lake hatachoka kukutumia. Anayekataa amekujibu.

Hatua ya 6: Safisha kwa subira

Gauni likifika, usilipeleke kabatini na nguo nyingine. Liweke peke yake, ulitazame kama lina viwavi vya nondo kwenye mishono, kisha ulipepee kivulini siku mbili au tatu. Harufu nyingi huondoka kwa hewa tu. Inayobaki, hasa ya jasho, mafundi wa nguo za jukwaani huipulizia vodka isiyo na harufu upande wa ndani, kwa ukungu mwepesi, kisha huacha ikauke kabisa. Ifanyie majaribio kwanza kwenye akiba ya mshono, na usiipulizie asetati wala tafeta inayoshika madoa ya maji.

Maji ni hatari kuliko unavyofikiri. Krepu ya zamani hujikunyata ikilowa, na nimeona gauni likipungua saizi mbili ndani ya beseni. Pamba imara unaweza kuifua kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Hariri, krepu, mahameli na kila chenye bitana ya kitambaa tofauti mpelekee drai klina anayejua nguo za zamani. Ongea naye mwenyewe kabla hujaliacha gauni. Mwonyeshe madoa, mwambie ni ya nini kama unajua, na ondoa vifungo na mikanda inayoweza kutoka.

Vipande vidogo vya kung'aa vinahitaji uangalifu wa pekee. Vya miaka ya 1920 na 1930 vingine vilitengenezwa kwa jelatini na huyeyuka kwa maji au kwa joto la mwili. Vilivyofuata, vya plastiki za mwanzo, vinaweza kulainika katika dawa ya drai klina. Chomoa kimoja kutoka mahali pasipoonekana, kijaribu, na kama hujui, usisafishe zaidi ya kupitisha brashi laini.

Pasi ya moto weka mbali. Mvuke kutoka umbali wa kiganja, upande wa ndani, unatosha. Mahameli usiyakandamize hata kidogo.

Hatua ya 7: Rekebisha bila kuharibu

Lolote utakalolifanya liwe na njia ya kurudi. Kiuno kikubana, toa sentimita kutoka kwenye akiba ya mshono. Kikiwa kipana, ingiza mshono ndani bila kukata. Pindo lipandishe kwa mkono na uache kitambaa chote kikunjwe ndani. Mimi nakataa kabisa kukata sketi ya miaka ya 1950 ili iwe fupi. Upana ule ulihesabiwa na urefu wake, ukikata unabaki na mwavuli.

Uzi wako uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa. Ukishona hariri ya miaka 60 kwa uzi mkali wa poliesta, siku mshono utakapovutwa uzi hautakatika, utakikata kitambaa. Tumia uzi wa pamba au hariri. Zipu ya zamani ukiibadilisha, iweke kwenye mfuko mdogo pamoja na kulabu na vifungo vilivyotolewa.

Hatua ya 8: Livae

Manukato na dawa ya kwapa kwanza, kisha subiri dakika 15 vikauke. Alkoholi ya manukato huacha madoa kwenye hariri yasiyotoka. Shonea vikinga jasho vya pamba makwapani kwa mishono michache, uvitoe na kuvifua baada ya kila kuvaa. Uvae shimizi ya hariri au pamba katikati ya ngozi na bitana.

Lenye zipu ya mgongoni liingie kwa miguu. Lenye zipu ya pembeni lipitishe kichwani, na ufunike uso kwa leso nyepesi ili vipodozi visiguse shingo ya gauni. Funga utepe wa kiuno. Vuta pumzi. Ndipo upandishe zipu, mkono mmoja ukishika chini yake ili isivutwe.

Sketi pana inahitaji gagulo, la sivyo itaning'inia kama pazia. Moja laini linatosha. Unapokaa, inua sketi nyuma kidogo ili usiikalie yote, na mkoba wenye mnyororo ushike mkononi badala ya kuutundika begani, maana mnyororo husaga hariri kwa jioni moja.

Juu ya mapambo nina msimamo. Usivae kofia, glavu, mkufu na viatu vyote vya mwaka uleule. Utaonekana uko jukwaani. Gauni lenye mshono mzuri linataka viatu rahisi vya leo, nywele zako kama zilivyo, na kitu kimoja kinachong'aa. Hereni, basi.

Hatua ya 9: Lilaze

Ukilivua, lining'inize wazi usiku kucha lipoe kabla ya kulirudisha. Magauni mepesi yenye mabega imara yanaweza kukaa kwenye henga pana iliyofunikwa kwa pamba. Mengi yana vitanzi viwili virefu ndani ya kiuno, na kazi yake ni hii hapa: vitundike kwenye henga vibebe uzito wa sketi. Yenye shanga, yaliyokatwa mshazari, ya jezi, na yasiyo na mabega yalazwe ndani ya boksi. Henga za waya zitupe.

Kwenye boksi tandika karatasi laini isiyo na asidi, jaza kifua na mikono kwa mabunda ya karatasi hiyo, na kila panapokunjwa weka bunda ili mkunjo usiwe mkali. Funika kwa shuka ya pamba iliyofuliwa bila marashi. Mfuko wa plastiki wa drai klina uondoe siku ileile, unafungia unyevu na kuleta ukungu. Chumba kiwe na unyevu wa asilimia 50 hivi, kiwe baridi kidogo, na giza. Makumbusho huonyesha nguo kwa mwanga wa luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu sana, kwa sababu rangi iliyofifishwa na jua hairudi.

Nondo hawali pamba safi. Viwavi vyao vinatafuta sufu, hariri, manyoya, na hasa sehemu zenye jasho au chakula. Ukishuku, funga gauni la sufu au hariri lisilo na shanga wala plastiki ndani ya mifuko miwili, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache lirudi kwenye joto la chumba kabla hujafungua mfuko, ili maji yasijikusanye juu ya kitambaa. Vidonge vya nafthalini sivitumii. Harufu yake hukaa miaka.

Mwisho, chukua kipande cha utepe wa pamba, andika kwa penseli mahali uliponunua, mwaka unaokadiria, vipimo, na kila ulichokirekebisha na tarehe yake. Shikiza kwa mshono mmoja uliolegea kwenye utepe wa kiuno, karibu na namba aliyoiandika fundi wa kwanza kama ipo. Kila baada ya miezi 6 fungua boksi, lipepee gauni, na ulikunje upya mahali tofauti na pale palipokunjwa mara iliyopita.